Kusomesha nyumbani Mombasa: tafuta watu kabla ya vitabu

Mwaka wetu wa kwanza nilianza na vitabu. Nilinunua vya madarasa mawili, nikanunua ubao mweupe, nikabandika ramani ya Afrika kwenye mlango wa friji, na Jumatatu saa mbili asubuhi wanangu wawili wakakaa kwenye meza ya kulia chakula, kwetu Kisauni, feni ikipeperusha karatasi. Kufikia mwezi wa tatu sauti yangu ilikuwa imekauka, mkubwa alikuwa akinijibu kwa kichwa tu, na mdogo alishaniuliza mara mbili kama wenzake wa skuli wamehama mji. Hesabu ilikwenda sawa. Kiingereza kilikwenda sawa. Tulichokosa ni watu.

Tangu hapo nimekaa katika vikundi vitatu vya wazazi wanaosomesha nyumbani. Cha kwanza kilikufa kwa pesa, cha pili kilikufa kwa feri, cha tatu kiko hai na wiki hii ni zamu yangu ya kupika. Hatua zilizo hapa zimetoka humo, na zimefuatana makusudi. Ningezifuata mimi mwenyewe ningeokoa mwaka mzima.

Hatua ya kwanza: andikeni sababu

Kaeni chini, wewe na mwenzako, muandike kwenye karatasi moja kwa nini mnataka kumtoa mtoto skuli. Sentensi tatu zatosha. Mkiandika mbili tofauti, yeye yake na wewe yako, msiendelee mpaka mwelewane, maana siku ambayo mtoto atagoma kusoma ndiyo siku mtakayogundua kuwa kila mmoja alikuwa na safari yake.

Sababu nilizozikuta hapa mjini si za aina moja. Kuna mama mwenye mtoto wa siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi: kila maumivu yakimshika hulazwa, akirudi darasani wenzake wako mbali, na muhula ukiisha anaitwa mzito wa kichwa. Kuna wa mtoto mwenye usonji, ambaye kengele na makelele ya darasa la watoto sitini humvunja kabla somo halijaanza. Kuna familia inayotaka kijana ahifadhi Kurani asubuhi, kichwa kikiwa bado kibichi, na masomo mengine yafuate baada ya adhuhuri. Kuna waliokuwa wakiishi Likoni na skuli iko kisiwani, mtoto akiamshwa saa kumi alfajiri awahi feri, akirudi amelala ndani ya matatu. Kuna wa jeshi la wanamaji Mtongwe wanaohamishwahamishwa. Kuna kijana muogeleaji ambaye mazoezi yake yanamaliza nusu ya siku.

Na kuna walioanzishwa na korona. Machi 2020 shule zote Kenya zilifungwa. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi Oktoba, wengine wakangoja mpaka Januari 2021. Wazazi wengi miezi ile ndiyo mara ya kwanza walipokaa na daftari la mtoto mkononi na kujionea anachojua na asichokijua. Wengine waliapa kutorudia kamwe. Wachache walipenda.

Sababu yetu ilikuwa uonevu. Mkubwa wangu alikuwa akinyang'anywa chakula na kupigwa kila mapumziko, na nilipokwenda ofisini niliambiwa ni utoto, yatapita. Naisema ili ujue kuwa nilianza kwa hasira, na hasira haikunifaa kitu. Ilinitosha kumtoa mtoto lakini haikunitosha kumsomesha. Kama sababu yako ni ugomvi na mwalimu mmoja, badilisha skuli kwanza. Kama sababu yako ni karo pekee, piga hesabu upya: mzazi mmoja atapunguza au kuacha kazi, na mshahara huo ndio karo yenyewe.

Hatua ya pili: ijue sheria, usiipambe

Hapa wengi wetu hudanganyana kwa upendo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 30, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Elimu ya nyumbani haikutajwa humo kama njia mbadala. Baba mmoja wa magharibi mwa Kenya alikamatwa kwa kuwasomesha wanawe nyumbani, na suala likafika Mahakama Kuu Nairobi. Kwa hivyo ukimsikia mtu akikwambia kwamba jambo hili limeruhusiwa waziwazi, mwombe akuonyeshe mstari uliosema hivyo.

Familia ninazozijua hujilinda kwa mambo manne. Humwona wakili kabla ya kumtoa mtoto, si baada. Humwandikisha mtoto kwenye taasisi inayotambulika ambayo hukubali wanafunzi wanaosomea nyumbani, ili jina lake liwe mahali. Huweka jalada la kazi, nitalirudia chini. Na hawamfichi mtoto. Chifu au afisa wa watoto akibisha hodi, mkaribishe, mpe maji, mfungulie jalada. Mtoto anayefungiwa ndani saa za skuli huonekana kama mtoto aliyenyimwa elimu, na majirani wana haki ya kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto.

Nimekwambia yaliyomo. Uamuzi wa kuingia ni wenu, na hatari yake ni yenu pia. Madrasa, kwa faida ya wanaouliza, haichukui nafasi ya skuli mbele ya sheria hii.

Wakati bado uko kwenye makaratasi, hakikisha una cheti cha kuzaliwa, ripoti za mihula yote, na namba ya tathmini ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, kama mtoto alishapewa. Ondokeni skuli kwa adabu, hata kama mmeumia. Skuli uliyoiaga vizuri ndiyo itakayokuandikia barua siku utakapohitaji.

Hatua ya tatu: chagueni mwisho kabla ya mwanzo

Mtoto wa miaka sita hana habari na mitihani, lakini wewe lazima uwe nayo, kwa sababu mtihani ndio unaoamua vitabu, na vitabu ndivyo vinavyoamua familia utakazoweza kushirikiana nazo. Kikundi chetu cha kwanza kilikuwa na familia tano na mitaala mitatu. Tulikuwa kama watu watano waliopanda dau moja, kila mtu na kafi lake, kila mtu na upande wake.

Njia ya KNEC ni ya bei nafuu, nayo ndiyo ngumu zaidi kwa mtoto wa nyumbani. Mtaala wa umilisi, ule wa CBC, haupimi kwa mtihani mmoja wa mwisho. Matokeo ya KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6 uliofanywa mara ya kwanza 2022, huchanganywa na tathmini ambazo mtoto hufanyia shuleni tangu Gredi ya 4, na ni shule inayoziingiza kwenye mtandao wa KNEC. Gredi ya 9 nayo ina KJSEA, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, na mpango ni ule ule wa alama zinazokusanywa njiani. Mtoto asiye na shule inayomtambua hana wa kumwingizia alama. Basi kama mnataka njia hii, tafuteni shule iliyosajiliwa itakayomwandikisha na kumpokea kwa tathmini, na muyapate makubaliano hayo kwa maandishi. Mkiikosa, mimi ningemrudisha skuli kabla ya Gredi ya 4. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hupokea watahiniwa wa kibinafsi, lakini kumbuka kundi la mwisho la mfumo wa zamani wa 8-4-4 linaifanya 2027, na baada ya hapo mambo ni ya mfumo mpya.

Hata usipofuata KNEC, chukua miundo ya mtaala ya KICD, taasisi ya taifa inayotunga mitaala. Inapatikana bure kwenye mtandao wao, na ni kipimo kizuri cha kujua mtoto wa umri fulani anatarajiwa ajue nini. Mimi huisoma mwanzo wa kila muhula, nikiweka alama ya vema kwa penseli.

Njia ya Cambridge, ya Uingereza, ndiyo inayofuatwa na familia nne kati ya sita za kikundi chetu. IGCSE, mtihani wake wa sekondari, inamkubali mtahiniwa wa kibinafsi, mradi ajisajili kupitia kituo kilichoidhinishwa. Misimu mikuu ni Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Unalipa kwa kila somo, na si pesa ndogo, kwa hivyo watoto wengi wa nyumbani hugawa masomo katika misimu miwili au mitatu. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla, na anayechelewa hulipa zaidi. Wasiwasi wa kila mzazi ni maabara: mtoto atafanyaje kemia jikoni? Masomo ya sayansi yana karatasi mbadala ya mazoezi, ambapo mtoto hujibu maswali kuhusu majaribio bila kuyafanya siku ya mtihani. Hata hivyo mtoto ambaye hajawahi kushika bomba la kupimia huanguka kwenye karatasi hiyo. Sisi tulinunua bomba, mizani na karatasi za litmasi kwa mchango. Na Kiswahili kimo kwenye orodha ya IGCSE. Usikubali mtoto wa Mombasa akiache eti ni rahisi. Watoto wetu huzungumza Kimvita kitamu na kuandika insha mbovu.

Njia ya tatu ni vijitabu vya ACE, mpango wa Kikristo ulioanza Marekani mwaka 1970. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto husoma kwa mwendo wake, hujisahihisha mwenyewe, na haendi kijitabu kinachofuata mpaka apate asilimia 80 kwenye jaribio. Unamfaa mtoto anayejituma. Haumfai mtoto aliyegundua kwamba kitabu cha majibu kiko kwenye kabati lisilofungwa; muulize mdogo wangu. Na kwa Waislamu, jueni kwamba aya za Biblia zimo hata ndani ya hesabu.

Hatua ya nne: tafuteni familia

Usizunguke ukiuliza nani anasomesha nyumbani. Kwa sababu ya kifungu cha 30, wengi watakutazama kisha waulize bei ya nyanya. Nenda mahali ambapo watoto hawa hupatikana. Nilimpata rafiki yangu wa kwanza kwenye bwawa la kuogelea, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi: mtoto wa miaka tisa majini, hana sare wala mkoba, na mama kando amefungua kitabu cha hesabu anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilikaa karibu naye nikasema tu, "Zamu yako ya kusahihisha?" Akacheka mpaka kalamu ikaanguka.

Maktaba ya umma ya Mombasa, asubuhi ya siku za kazi ni mahali pengine. Kliniki za tiba ya kusema na za watoto wenye usonji, pia. Kina mama hufahamiana kwenye benchi. Kituo cha mitihani ulichochagua hakitakupa majina ya watu, lakini ukiacha namba yako waitoe kwa atakayeuliza, baadhi hukubali. Msikitini na kanisani, mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha subiri. Kama mtoto wako ana ulemavu, anzia kituo cha upimaji na nyenzo za elimu, EARC, cha eneo lako. Huko utapimiwa mtoto na utakutana na wazazi ambao wameshachoka njia ambayo wewe ndiyo kwanza unaianza.

Mkutano wa kwanza usiwe nyumbani kwa mtu. Nendeni bustani ya Mama Ngina, ufukweni, chini ya mibuyu, watoto wacheze na wazazi wazungumze, muhogo wa kukaanga uko hapo hapo. Mimi huuliza mambo matatu, na siku hizi huuliza bila haya. Mnalenga mtihani gani? Nani yuko nyumbani mchana, kwa kweli, si kwa mpango? Na mtoto akikosa, mnamfanyaje? Hili la tatu ndilo lililotuvunja moyo zaidi. Kuna mzazi mwema kabisa, mcheshi, mkarimu, ambaye huchapa, na atamchapa wako pia kwa nia njema. Sheria imekataza viboko skuli, msivilete sebuleni.

Sasa suala la mahali. Kikundi chetu cha pili kilikuwa na familia tatu Kisauni na Nyali, na mbili Likoni, ng'ambo ya feri. Tulipendana sana. Kila Jumanne wa Likoni walifika saa nne badala ya saa tatu, wamelowa jasho, na sisi tulipokwenda kwao tulirudi wakati wa magharibi, jua likizama. Hakuna aliyegombana. Watu walianza tu kuumwa na kichwa siku za Jumanne. Kanuni niliyobaki nayo ni nauli moja: tuktuk moja au matatu moja, bila kubadilisha, bila kuvuka maji. Uko Likoni, tafuta wa Likoni na Mtongwe. Uko Changamwe, angalia Jomvu na Mikindani. Uko Mtwapa, utaniambia Nyali ni karibu. Nenda siku ya msongamano kisha tuzungumze.

Familia nne hadi saba zinatosha. Zikiwa tatu, moja ikisafiri mmebaki wawili mnatazamana. Zikizidi nane mnaanza kufanya mikutano ya kupanga mikutano.

Hatua ya tano: gawaneni siku na ujuzi

Sisi tuko familia sita, watoto 13, wa miaka 5 hadi 14. Hukutana Jumanne na Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita, ili wa kuswali waswali na wa chuo cha Kurani wapate kulala kidogo kabla ya alasiri. Siku nyingine kila mtu kwake. Ijumaa haina masomo. Ramadhani tunabaki na siku ya Alhamisi peke yake, na wazazi Wakristo wa kikundi ndio hushika zamu, na Desemba sisi Waislamu tunawalipa.

Msikutane kila siku, na msimwajiri mwalimu wa kudumu mkamlipa karo kwa kila kichwa. Hapo hamko kikundi tena, mmekuwa skuli, na skuli lazima isajiliwe. Msaada tunaotoa ni wa mzazi kwa mzazi. Mkihitaji mwalimu wa somo fulani, awe amesajiliwa na TSC, tume ya walimu, na aje kwa saa chache.

Kila mzazi anatoa alicho nacho, na si lazima kiwe cha darasani. Tuna baba ambaye ni karani wa mizigo bandarini. Alikuja na vipimo vya kontena la futi 20 na la futi 40, akawauliza watoto maboksi mangapi ya majani ya chai yataingia, na ilikuwa ni mara ya kwanza mwanangu kuomba kuongezewa hesabu. Tuna bibi wa miaka sabini, mama wa mmoja wetu, anayefundisha vipimo vya zamani kwa mchele: vibaba vinne hufanya pishi moja. Watoto hupima, humimina, huandika sehemu: robo, nusu, robo tatu. Kisha huweka kwenye mizani waone kilo. Sehemu zilizokuwa zikiwaliza kwenye kitabu zikawa mchezo, na mchele ule ule ukapikwa mchana.

Bahari tunayo, basi tuitumie. Bamvua, maji makubwa, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huwa katikati yake. Wape watoto daftari, wachore mwezi kila usiku na waandike saa ya maji kujaa kwa mwezi mzima. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hapa hupita mita 3, na mtoto aliyekwenda Nyali akakuta mwamba mkavu mahali alipoogelea wiki iliyopita ataelewa nguvu ya mvutano kabla hujaitaja. Kwa pepo za kaskazi na kusi, kaeni na mvuvi. Yeye ndiye mwalimu wa jiografia.

Ngome ya Yesu nendeni mara tatu, si mara moja. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani waliizingira kuanzia 1696 na kuitwaa 1698, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Ukisema hayo yote kwa siku moja watoto watakumbuka aiskrimu. Safari ya kwanza tuliwaacha wapime kuta kwa hatua. Ya pili walitafuta michoro ya meli waliyoiacha Wareno ukutani, nao wakachora yao. Ya tatu, wakubwa wakawatembeza wadogo na kueleza, sisi tumekaa kivulini kimya. Nilijifunza kwamba mtoto wa miaka 12 anayemfundisha wa miaka 6 husoma mara mbili, na kikundi chenye umri mchanganyiko hakina haja ya kugawa watoto kwa madarasa. Haller Park, Bamburi, inafaa vile vile: watoto waone jinsi machimbo makavu ya kiwanda cha saruji yalivyofanywa msitu kwa kuanza na mivinje.

Hatua ya sita: pesa, kwa ufupi na kwa ukali

Kikundi cha kwanza tulilipa muhula mzima mbele kwa mwalimu mmoja wa ziada. Wiki ya nne simu yake haikupatikana. Risiti hatukuwa nayo, na kila familia ilidhani nyingine ndiyo iliyomleta. Tumesalimiana tena baada ya miaka miwili.

Siku hizi tunafanya kama chama chochote cha kina mama. Mchango mdogo, sawa kwa wote, kwa M-Pesa, na mweka hazina anatuma hesabu kwenye WhatsApp kila mwisho wa mwezi hata kama hakuna kilichotumika. Kila safari hulipiwa kabla, na asiyelipa haendi, hata akiwa ni mimi. Hakuna kulipa muhula mbele. Mkifika watu wazima kumi mnaweza kusajili kikundi cha kijamii na kufungua akaunti ya benki; sisi tumeona ina maana tangu tuliponunua vifaa vya sayansi.

Hatua ya saba: usalama

Watu wazima wawili daima, mlango wazi daima. Mwalimu wa kuja alete cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, hata kama ni binamu yako. Hakuna picha za watoto nje ya kikundi. Andikeni hayo mwanzoni, wakati kila mtu anampenda kila mtu, kwa sababu baadaye kuyataja kutaonekana kama kumshuku mtu.

Hatua ya nane: wakwe na majirani

Mama mkwe wangu alikuja asubuhi moja, akavua viatu, akatazama watoto mezani, akanitazama mimi.

"Hawa hawendi skuli, kwani wamefanyani?"

"Wasoma, mama. Wasoma papa hapa."

"Na mwalimu?"

"Ni mimi."

"Na wewe wafundishwa na nani?"

Sikuwa na jibu, na swali lake lilikuwa la haki. Nilimwambia aje Alhamisi. Alikuja, akawakuta kina mama watatu na yule baba wa bandarini, na yule bibi wa vibaba ambaye kumbe walisoma chuo kimoja Mji wa Kale. Wakaanza kuulizana nani amefariki. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na yeye ndiye anayewajibu majirani. Usijaribu kumshawishi mzee kwa maneno, mlete akae.

Hatua ya tisa: jalada

Jalada moja kwa kila mtoto. Ndani: tarehe za masomo, orodha ya vitabu vilivyosomwa, kazi mbili za kila somo kwa mwezi, moja nzuri na moja mbaya, picha za majaribio, matokeo ya mitihani ya majaribio, na barua ya taasisi mliyojiandikisha. Lijazeni Ijumaa, dakika ishirini. Ukiacha mpaka mwisho wa muhula utatunga, na anayesoma atajua.

Hatua ya kumi: mlango wa kurudi

Kila Agosti tunawauliza watoto, mmoja mmoja, bila mzazi wake kuwepo, kama wanataka kuendelea. Anayeuliza ni mzazi mwingine wa kikundi. Mwaka juzi mkubwa wangu alimwambia yule mama wa mtoto wa siko seli kwamba anataka kurudi skuli, na kwamba hakuniambia mimi kwa sababu nimejitahidi sana. Nililia, kwa nini nifiche. Kisha nikachukua jalada, tukaenda kuona skuli mbili. Mwalimu mkuu wa ya pili alilifungua, akapitia karatasi moja moja, akasimama kwenye mchoro wa mwezi na maji, akauliza nani aliyemfundisha huyu bamvua. Akampa mtihani wa kuingilia siku ile ile.

Sasa yuko skuli, ana wenzake, na analalamika kuhusu sare kama kila mtoto wa Mombasa wakati wa kaskazi. Mdogo ameamua kubaki. Alhamisi za likizo mkubwa huja kikundini kusaidia wadogo, na bibi amemkabidhi pishi na vibaba vyake. Wiki iliyopita alinikataza nisiguse mizani.